Burt Munro: mzee wa garaji na pikipiki yake ya 1920

Mwezi wa nane wa mwaka 1967, mzee mmoja wa miaka 68 alilala kifudifudi juu ya pikipiki yake, ndani ya ganda lenye umbo la samaki, watu wakamsukuma mpaka injini ikawaka. Hiyo ilikuwa Bonneville, katika jimbo la Utah, Marekani. Fasi ile si barabara. Ni ziwa la zamani lililokauka, imebaki chumvi tupu, nyeupe, sawasawa na meza, na juu ya chumvi wamechora mstari mrefu mweusi wa kumwonyesha dereva njia. Mzee aliufuata ule mstari kwenda, akageuzwa, akaufuata tena kurudi. Wapimaji walipomaliza hesabu yao walisema amepita kilometa 295 kwa saa.

Toka Isangi, pale Lomami inapoingia katika mto Congo, mpaka Kisangani ni kama kilometa 125. Kwa mwendo ule mtu angetoka Isangi na kufika Kisangani mbele ya nusu saa kwisha. Kila mtu aliyepanda balenieri na mizigo yake anajua safari hiyo inachukua muda gani.

Lakini mwendo peke yake haukuwa ajabu sana. Kwenye chumvi ileile, miaka miwili tu mbele yake, gari lenye injini ya ndege lilikuwa limepita kilometa 960 kwa saa. Ajabu ilikuwa ile pikipiki. Ilikuwa na miaka 47. Ilitoka kiwandani mwaka 1920 kama pikipiki ya kutembea nayo tu, ya kwenda kazini na kurudi nyumbani, na nguvu yake yote ilikuwa kilometa 88 hivi kwa saa. Pikipiki ya 125 inayobeba watu na makopo ya mafuta ya mawese pale sokoni inaweza kuifuata bila shida. Aliyeitoa kule chini na kuifikisha pale juu ni mtu mmoja, katika garaji moja, kwa mikono yake.

Jina lake la kuzaliwa ni Herbert James Munro, lakini dunia inamjua kama Burt Munro. Alizaliwa tarehe 25 mwezi wa tatu 1899 huko Invercargill, mji wa kusini kabisa wa New Zealand, nchi ya visiwa iliyo mbali upande wa Australia. Walizaliwa mapacha. Dada yake alikufa siku ileile, na daktari aliwaambia wazazi wasitegemee sana huyu aliyebaki, kwa sababu hatavuka miaka miwili. Alivuka.

Wazazi wake walikuwa wakulima. Burt alikulia shambani, na kazi za shamba zilimchosha. Kitu kilichomvuta ni mbio. Kabla ya kujua injini alikuwa anakimbiza farasi wa baba yake, na baba hakupenda. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alitamani kuvuka bahari ili aone nchi nyingine, lakini vita iliisha yeye yuko bado shambani. Alienda kufanya kazi kwenye tundu la reli la Otira, lile lililotobolewa ndani ya milima ya New Zealand, kisha baba yake akamwita arudi kwenye shamba jipya.

Mwaka 1920 alinunua pikipiki yake. Ilikuwa ya kampuni ya Indian, iliyotengenezwa Springfield, Marekani, aina waliyoiita Scout. Ilikuwa kati ya Scout za kwanza kabisa kutoka kiwandani, ya 627. Injini yake ilikuwa ya silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, na ukubwa wa sentimeta 600. Vitesi vilikuwa vitatu, na vilibadilishwa kwa mkono. Freni ilikuwa moja tu, kwenye gurudumu la nyuma. Mbele hakuna kitu. Nyuma hakukuwa amortiseri, mgongo wa dereva njo ulikuwa amortiseri.

Miaka sita aliitumia namna hiyo. Mwaka 1926 akaanza kuifungua.

Fundi yeyote atauliza: kwa nini hakununua nyingine yenye nguvu zaidi? Jibu ni pesa. Munro hakuwa tajiri hata siku moja. Alifanya kazi ya kuuza pikipiki na kuzitengeneza. Mchana aliuza za watu, usiku alitengeneza yake. Mara nyingi usiku uliisha yeye bado amesimama kwenye meza ya kazi, ananawa uso, anaenda dukani. Kipande alichokosa pesa ya kununua, alikitengeneza. Na kwa kuwa pesa ilikosekana karibu kila mara, vipande vingi vya injini ile vilikuja kuwa vya mkono wake.

Kupeleka pikipiki ya barabara kwenye mashindano kunaanza na kutoa. Unatoa taa, unatoa ngao za matope, unatoa kiti cha abiria, unatoa kila kitu ambacho mbio hazikihitaji, kwa sababu kila kilo unayobeba inakula nguvu. Vijana wengi wa leo wanafika hapo na kusimama. Wanatoa vioo, wanakata eshapema ili ipige kelele, wanasema pikipiki imekuwa ya kashfa. Kelele haiongezi kilometa hata moja. Kwa Munro, kutoa ilikuwa kazi ya siku chache. Iliyobaki ilimchukua miaka 40.

Shida ya kwanza ya injini yake ilikuwa pumzi. Injini ni kama mtu anayepanda kilima: akikosa hewa hawezi kukimbia hata kama ana miguu mizuri. Kwenye Scout ya kiwandani, supape zilikuwa pembeni ya silinda, hewa na esansi vilipita kona mbili tatu kabla ya kuingia. Namna hiyo ni rahisi kutengeneza na haisumbui, ndiyo maana kiwanda kiliichagua kwa watu wa kawaida. Munro alizitoa pembeni akaziweka juu ya silinda, mlangoni moja kwa moja. Kuandika hivyo ni mstari mmoja. Kufanya ni kutengeneza kichwa kipya cha injini, njia mpya za hewa, fimbo mpya za kusukuma supape, na kukata upya zile kame zinazoamuru supape ifunguke lini na ifunge lini. Injini ilitoka kiwandani na kame mbili, yeye akaifanya ya kame nne, ili kila supape iamuriwe peke yake.

Shida ya pili ni ukubwa. Silinda kubwa inachoma esansi nyingi zaidi kwa kila mpigo. Munro alichukua bomba la chuma la kupitishia gesi ya mjini, lile linalozikwa chini ya barabara, akalikata na kulichonga mpaka likawa silinda. Injini ya 600 ikaendelea kukua mwaka kwa mwaka, mpaka mwishoni ilikaribia 950.

Silinda kubwa inataka pistoni kubwa, na hakuna duka lililouza pistoni za injini isiyokuwepo popote duniani isipokuwa kwake. Aliyeyusha chuma chepesi, akakimimina katika makopo ya zamani, akangoja ipoe, kisha akachonga. Watu wanaoyeyusha aluminiumu kutengeneza sufuria wanaijua hii kazi vizuri. Wanajua pia hatari yake: kitu kinaweza kutoka kizuri kwa macho, kumbe ndani kuna tundu la hewa. Sufuria yenye tundu la hewa itavuja, utaitupa. Pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 50 kwa sekunde moja, katika moto. Ikipasuka, vipande vyake vinaharibu na silinda, na supape, na kila kitu kilichochukua miezi kutengenezwa. Ilimtokea Munro mara nyingi kabisa. Injini inapasuka kwenye mashindano, anairudisha garajini, anaipanga mezani, anatafuta ni kipande gani kilianza.

Hapo njo kuna siri ya kazi yake, kama ni siri. Ukiongeza nguvu fasi moja, panavunjika fasi nyingine. Pistoni mpya ilipokuwa na nguvu, bieli, yaani ule mkono wa chuma unaoshika pistoni kwa chini, ikashindwa. Alitafuta chuma kigumu zaidi akakipata kwenye ekseli ya zamani ya trakta ya Caterpillar. Trakta haina mbio, lakini ekseli yake inabeba mateso ya kutosha. Akakata kipande, akakichonga kwa mkono, akakipitisha motoni ili kikomae, akafunga. Bieli ikashika. Basi ambreyaji ikaanza kuteleza, maana haikuumbwa kwa nguvu ile. Akatengeneza nyingine ya sahani 17. Mnyororo mmoja nao haukutosha kubeba nguvu hadi nyuma, akaweka mitatu sambamba. Mafuta ya kulainisha hayakufika kwa haraka ya kutosha, akatengeneza mfumo mpya wa mafuta. Magurudumu mazito ya ndani ya injini, yale yanayoifanya izunguke bila kushtuka, nayo aliyatengeneza mwenyewe.

Na vyombo? Kipande cha injini kinapimwa kwa sehemu ndogo sana za milimeta. Chombo cha kupimia namna hiyo kinauzwa ghali. Munro alitengeneza chake kutoka kwenye rayoni, ule uzi wa chuma wa gurudumu. Mafundi waliosoma walicheka. Kisha walitazama saa za mashindano wakanyamaza.

Si kwamba hakuwa na pikipiki nyingine. Mwaka 1936 alinunua Velocette mpya ya Uingereza, nayo akaifungua namna ileile, akashindana nayo miaka mingi kwenye mbio za mstari mfupi. Lakini moyo wake ulibaki kwenye ile ya 1920.

Majaribio alifanyia kwenye ufuko wa Oreti, karibu na Invercargill. Ufuko ule ni mrefu, kilometa zaidi ya 20. Bahari inapojaza hakuna njia. Inapotoka, inaacha mchanga mgumu uliobanana, pikipiki inapita bila kuzama. Kwa hiyo Munro alipanga siku zake kwa kufuata bahari, kama vile mvuvi wa Lokele anavyopanga kazi yake kwa kufuata mto. Rekodi ya kwanza ya New Zealand aliiweka mwaka 1938, na baadaye akaongeza nyingine saba.

Hapa inafaa kusema jambo moja wazi, kwa sababu kuna vijana watakaosoma habari hii wamekaa juu ya pikipiki. Kwa mbio zake kubwa Munro alitafuta ufuko usio na mtu, na baadaye akavuka bahari nzima kutafuta chumvi isiyo na mtu. Pikipiki yake haikuwa na freni ya kutosha, na yeye alijua. Mtu ambaye pikipiki yake haiwezi kusimama haraka hana kazi ya kufanya kwenye barabara ambako mtoto anarudi shuleni na mama anatoka sokoni na kilo 20 za mihogo kichwani. Pikipiki ya mbio na pikipiki ya barabara si kitu kimoja tena ukishamaliza kuibadilisha. Huwezi kuifanya ya mbio jumapili na ya kubeba abiria jumatatu.

Sasa kuna upande ambao watu wanaosifu mashine hupenda kuupita haraka. Munro alioa mwaka 1927. Bibi yake aliitwa Beryl, walizaa watoto wanne. Si vigumu kufikiri maisha ya nyumba ile: mume anatoka kazini anaingia garajini, pesa kidogo inayopatikana inatazamwa na tumbo za watoto upande huu na injini upande ule, jumamosi ni ufukoni, jumapili ni kurekebisha kilichovunjika jumamosi. Mwaka 1947, nyuma ya vita ya pili ya dunia, ndoa yao ilivunjwa rasmi. Munro aliacha pia kazi ya mshahara. Akahamia kuishi ndani ya garaji yenyewe, chumba cha kufungia pikipiki, kitanda chake upande mmoja na meza ya vyuma upande mwingine. Alikuwa karibu na miaka 50. Mtu anaweza kusema alikuwa huru kuliko wanaume wote wa Invercargill. Mtu mwingine anaweza kuhesabu watoto wanne na kusema uhuru ule ulilipwa na nani. Wote wawili wana haki.

Ndani ya ile garaji kulikuwa na kabati la ubao ambalo wageni wote walilikumbuka. Juu yake alipanga pistoni zilizopasuka, bieli zilizopinda, supape zilizoliwa na moto, na aliandika kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mbio. Ilikuwa mchezo, Munro alipenda kuchekesha watu. Lakini ilikuwa pia daftari. Fundi anayetupa kipande kilichovunjika anasahau kilivunjika vipi. Yeye alikuwa anavitazama kila asubuhi.

Miaka ya 1950 ilipokuwa inaisha, moyo wake ulianza kuumwa, kifua kinabana. Mtu mwingine angeuza pikipiki akanunua kiti. Yeye alifunga safari ya kwanza kwenda Bonneville, kutazama tu. Kule aliona kwamba chumvi ni ndefu na kavu kuliko ufuko wowote, na kwamba bahari haitakuja kuifunika. Alirudi nyumbani, akaanza kutafuta pesa za kupeleka mashine. Safari ilikuwa ya meli, wiki nyingi baharini, pikipiki ikiwa ndani ya sanduku. Alifika Marekani na pesa kidogo.

Kwa Bonneville alihitaji kitu kingine ambacho pikipiki ya barabara haina: ganda. Ukipita kilometa 150 kwa saa, upepo njo unakuwa adui mkubwa kuliko uzito. Ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu mara nne. Dereva aliyekaa wima ni ukuta. Kwa hiyo Munro alijenga ganda la faiba, jembamba mbele, refu nyuma, akalala ndani yake juu ya tangi, miguu nyuma. Mtu wa mtoni hahitaji kuelezwa sana. Mtumbwi haukati maji kwa sababu una nguvu, unakata kwa sababu umechongwa vizuri.

Lakini ganda nalo lilileta shida yake, kama kawaida ya kazi hii. Upepo ukilishika vibaya kwa pembeni, pikipiki inaanza kutikisika kushoto na kulia, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo inavyozidi. Ukiwa umelala ndani, huwezi kuweka mguu chini. Freni ni ile isiyotosha.

Mwaka 1962, akiwa na miaka 63, alishindana Bonneville kwa mara ya kwanza, injini ikiwa 883. Alitoka na rekodi ya dunia ya daraja lake: kilometa 288 kwa saa. Mwaka 1966 akapata nyingine katika daraja la 1000, kilometa 270. Wengine wangesema inatosha. Kwa jumla alienda Bonneville mara kumi, ile ya kwanza ya kutazama na tisa za kushindana, na miaka mingi kati ya hiyo alirudi nyumbani bila kitu, injini imepasuka, mabegi yamejaa vyuma vilivyoharibika.

Kisha ikaja 1967. Kwenye mbio moja ya kutafuta nafasi, upande mmoja tu, saa ilisoma karibu kilometa 306. Wakati ule huo ulikuwa mwendo mkubwa kuliko wote uliopimwa rasmi kwa pikipiki ya Indian. Rekodi lakini haihesabiwi kwa upande mmoja. Lazima uende na urudi, ili upepo wa nyuma usikudanganye, na katikati ya mbio mbili ndipo namba inapatikana. Hiyo njo ile kilometa 295 ya mwanzo wa habari hii, katika daraja la injini zisizozidi 1000.

Mwaka huohuo wa 1967 karibu abaki kwenye chumvi. Alikuwa amevuka nusu ya njia, pikipiki ikaanza kutikisika. Ili kuipunguza aliinua kifua chake nje ya ganda, akijifanya ukuta wa kuzuia upepo, kwa kuwa hakuwa na freni nyingine. Upepo ulimng'oa miwani na kumpiga machoni, akawa haoni kitu. Pikipiki ilitoka kwenye mstari mweusi, ikapita karibu sana na nguzo ya chuma. Akaamua kuilaza chini mwenyewe. Aliteleza juu ya chumvi, akatoka na michubuko mwilini. Miaka 68, moyo mgonjwa. Aliamka.

Kuna filamu ya mwaka 2005 iliyosimulia maisha yake, Anthony Hopkins akiwa ndiye Munro, na mwongozaji wake Roger Donaldson alikuwa amemjua mzee mwenyewe na kumpiga picha miaka ya nyuma. Ni filamu nzuri, lakini inakusanya safari nyingi katika moja, kama vile mzee alifika, akashinda, akarudi. Ile miaka ya kurudi mikono mitupu haionekani, na habari ya Beryl na watoto inapitwa mbali.

Baada ya safari zile mwili ulianza kukataa. Mwaka 1977 kiharusi kilimpiga, mikono haikumtii tena kama zamani, na mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa mikono alielewa maana yake. Hakutaka pikipiki zake zitoke Invercargill kwenda kwa matajiri wa mbali, kwa hiyo aliziuza zote mbili, Indian na Velocette, kwa mfanyabiashara wa mjini, Norman Hayes wa duka la E. Hayes. Tarehe 6 mwezi wa kwanza 1978 moyo ulisimama. Alikuwa na miaka 78. Mashine yake iko bado katika duka hilo, kati ya misumari, makufuli na vyombo vya kazi, na wageni wanaingia bure kuitazama.

Miaka ikapita. John, mtoto wake mwanaume, mmoja wa wale wanne, alikuwa anaangalia karatasi za mbio za 1967, mwendo wa kwenda na mwendo wa kurudi. Aliziweka pamoja akagawa kwa mbili, namba ikakataa kufanana na ile iliyoandikwa. Akarudia. Wakubwa wa mchezo wa pikipiki wa Marekani walikuwa wamekosea hesabu siku ile, na hakuna aliyeona, hata mwenye rekodi. Aliwaandikia. Mwaka 2014, miaka 36 nyuma ya kifo cha baba yake, walikubali kosa na kusahihisha kitabu: toka kilometa 295 na nusu mpaka 296 na robo kwa saa.